Kasuku Achagua Kazi ya Kompyuta

Kila asubuhi Mama alifungua duka lake la kutoa kopi, akafuta vumbi kwenye mashine, akawasha kompyuta. Binti yake wa mwisho, aliyemaliza sekondari, alimsaidia kuchapa barua na fomu za wateja. Msichana huyo alisoma kwa sauti kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kasuku.

"Punguza sauti!" Mama alimgombeza. "Barua ya mtu ni siri yake."

"Nikisoma kimya makosa yananipita, Mama."

Kasuku alitaka kusomea kompyuta chuoni. Fomu ilikuwa imeshajazwa, imebaki sahihi ya Mama tu. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa.

Jumatatu, mteja mmoja aliwaonyesha simu yake. Aliiomba imwandikie barua ya kuomba kazi. Kabla hajakaa vizuri, barua ikawa tayari.

"Hii ndiyo akili mnemba," alisema. "Inaandika barua, inaandika hata programu za kompyuta. Nyie mjipange!"

Mteja akacheka. Mama hakucheka. Zamani alikuwa mpiga chapa ofisini, mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Kompyuta zilipoingia, aliambiwa asante sana, na kwaheri.

Jioni aliisukuma fomu pembeni. "Siweki sahihi. Yaliyonipata mimi yasikupate wewe."

Kasuku aliichukua fomu yake. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Kesho yake Mama alimweleza jirani yao. Mwanamke huyu alisimamia kompyuta za hospitali, na watu walimwita Fundi.

"Hofu yako si ya bure, dada," Fundi alisema. "Kazi nyingine zitapungua kweli, sikudanganyi. Lakini kabla hujakataa, njooni kazini kwangu mwone."

Jumatano wakaenda. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa, chenye kompyuta tatu na feni iliyolia kama ina mafua.

"Shikamoo, mama mdogo," Kasuku alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Sogea uone." Fundi aliwasha kompyuta. "Programu hii imejifunza kutokana na maandishi mengi mno. Daktari akiandika maelezo ya dawa, yenyewe inatunga ujumbe wa simu kwa mgonjwa. Bado tunaijaribu. Hizi ni jumbe za mfano tu, si za mgonjwa yeyote."

Kasuku akaanza kusoma kwa sauti, kama kawaida yake. "'Meza kidonge kimoja mara moja. Endelea kwa siku saba.'" Akarudia mstari wa kwanza. "Mara moja gani? Sasa hivi, au mara moja kwa siku?"

Fundi aliinama, akafungua maelezo ya daktari. Yalisema kidonge kimoja kila siku, kabla ya kulala.

"Mimi ningemeza papo hapo, kesho nichanganyikiwe," Mama alisema.

"Na mimi niliupitisha asubuhi!" Fundi alishika kichwa. "Asante, mwanangu. Nitaurekebisha, kisha mfamasia authibitishe." Akamgeukia Mama. "Umeona? Mashine inatunga haraka, lakini haimjui bibi atakayesoma ujumbe huu bila miwani. Akidhurika, haiitwi kujieleza. Wanahitajika watu wa kuijaribu, kuikagua, kuirekebisha na kulinda siri za wagonjwa."

"Basi asome nini?"

"Aanze na misingi. Jinsi programu inavyojengwa, hesabu, namna ya kutunza taarifa za watu. Vifaa vinabadilika kila mwaka, misingi haichakai upesi. Akili mnemba aitumie, lakini asipokee jibu asiloweza kulikagua. Halafu achague eneo analolipenda, iwe afya, kilimo au shule, alijue kwa undani. Na akipata cheti asijione amefika. Aendelee kujifunza."

Mama aliitazama ile kompyuta.

"Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Pale ofisini walitupa nafasi ya kujifunza kompyuta. Niliona haya kuanza upya mbele ya vijana. Nikakataa. Si kompyuta peke yake iliyonitoa kazini."

Kasuku alimshika mkono. Siku hiyohiyo, Mama aliweka sahihi.

Chuo hakikuwa mchezo. Mara mbili Kasuku alifeli mtihani wa hesabu, akarudia. Fundi alimsaidia kila Jumapili. Baada ya miaka miwili na nusu, hospitali ilimwajiri kukagua ujumbe unaotumwa kwa wagonjwa. Mama alikwenda kwa Fundi kushukuru, akaishia kulia tu, na Fundi naye akalia.

Mwezi uliopita Mama alikwenda hospitali kupima macho. Kwenye benchi alikaa karibu na mzee mmoja. Simu ya mzee ililia. Aliisogeza mbali na uso, akasoma polepole: "'Kidonge kimoja asubuhi, baada ya kula. Kimoja jioni, baada ya kula.'" Akatabasamu. "Siku hizi nasoma mwenyewe, naelewa. Zamani nilikuwa namsumbua mjukuu. Sijui nani anaandika hivi. Mungu ambariki."

"Amina," Mama alisema, akageuza uso upande wa dirisha.