Vyeti vya Moelagi

Jumapili ile, jamaa zangu, kijiji kizima kilikuwa kimeshiba. Watu walikuwa wamerudi kanisani, magimbi na nguruwe vilikuwa vimefukuliwa kutoka kwenye mawe ya moto na kuliwa, na sasa kila mtu alikuwa amejinyoosha mkekani. Bibi Matalena alikuwa akikoroma. Hata mbwa walikuwa wamenyamaza.

Aliyekuwa macho ni mjukuu wake, Moelagi, msichana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mkasi mkononi. Simu ya video ikaita. Alikuwa mama yake, Sulu, anapiga kutoka Auckland, mji wa ng'ambo, ambako kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu.

“Haya mwanangu, muhula huu umeleta nini?”

“Cheti cha hisabati, Mama.”

“Hebu nikione! Kisogeze. Ee Mungu wangu, dhahabu hiyo inavyong'aa! Nitumie picha nzuri, nikaiweke kwenye fremu.”

“Mama, jino linaniuma tangu…”

“Mwambie Bibi akuwekee chumvi. Zamu yangu imefika, mwanangu. Mungu akubariki.”

Simu ikakatika. Moelagi akashika shavu lake, akakitazama cheti. Hakikutoka shuleni, ndugu zangu. Kilikuwa bado na joto la printa.

Mambo haya yalianza hivi. Moelagi alipokuwa na miaka kumi alipata cheti cha kweli, cha mwandiko mzuri. Wiki ile mama yake alipiga simu mara tatu, akalia kwa furaha, akamsomea sifa zake mchungaji wa kule. Muhula uliofuata mtoto hakupata kitu. Mama akasema, “Basi, jitahidi,” na simu ikanyamaza mwezi mzima. Mtoto ni mwepesi wa kujifunza. Moelagi naye akajifunza.

Kompyuta ilikuja kwa meli, ndani ya pipa, imezungushiwa mashuka na makopo ya nyama. Mama aliituma ili mtoto asome. Moelagi aliitumia kutafuta nakshi za pembeni, zile zinazofanana na kamba zilizosukwa. Alijifunza kuwa jina la mtu liwe kubwa kuliko jina la shule, na kwamba maneno yakibanana cheti huonekana cha bandia. Lazima kiwe na nafasi ya kupumua. Alinunua karatasi nzito yenye rangi ya maziwa. Muhuri aliukata kwenye karatasi ya dhahabu ya chokoleti, kwa ule mkasi wa meno ambao Bibi alikatia vitambaa vya kushona, ukatoka na ukingo wa miiba midogo kama jua. Sahihi ya mwalimu mkuu aliinakili kutoka kwenye kile cheti cha mwandiko. Kazi ilikuwa safi. Laiti ingekuwa kazi ya kweli!

Lakini uongo humla hata mwenyewe. Masomo yakarudi nyuma, kwa kuwa mchana wote alikuwa kwenye nakshi. Rafiki zake nao aliwakimbia, asije mmoja akaviona vyeti. Fuatino, jirani yake, alikuwa akisimama njiani na kuita:

“Wewe! Njoo tupige mpira wa kirikiti, tumepungukiwa mtu!”

“Nina kazi.”

“Kazi gani kila siku? Hiyo kompyuta imekuoa? Mahari ililetwa lini, mbona hatukula?”

Wenzake wakacheka. Moelagi naye alicheka kidogo, kisha akawasikiliza wakienda mpaka sauti zao zikaisha. Siku moja Fuatino aliacha kuita.

Mwezi wa Septemba, baada ya Jumapili ile ya cheti cha hisabati, mwalimu mkuu, Iosefo, alipewa jina la ukuu wa ukoo wake, Vaelupe. Sherehe ilikuwa kubwa, na Sulu alituma mkeka mwororo wa heshima. Tangu siku ile, kumwita Iosefo tu ilikuwa utovu wa adabu. Alikuwa Vaelupe Iosefo, darasani na njiani.

Oktoba mama akapiga simu. “Ukutani kwangu pamebaki nafasi moja, ya muhula wa kwanza. Ina maana Aprili hukupata chochote?”

“Nilipata, Mama. Kipo mahali fulani.”

Mchana uleule akakitengeneza. Akaweka tarehe ya Aprili. Chini yake akaandika jina la mwalimu mkuu kama midomo yote ilivyokuwa ikilitaja, akamtumia mama picha.

Novemba simu ikaita tena. “Mwanangu! Nimepewa ruhusa ya wiki moja. Nakuja siku ya zawadi, nikuone ukipanda jukwaani!”

Hapo ndipo Moelagi angeweza kusema kweli.

“Sawa, Mama,” alisema.

Siku ya zawadi ukumbi ulijaa mashada ya peremende. Kila mtoto aliyeitwa, jamaa zake walimrukia na kumvisha shingoni, hadi wengine wakaonekana macho tu. Sulu alikaa mbele, ameshika mashada saba aliyoyasuka kwa mkono wake. Begani alikuwa na mfuko wenye fremu. Mwalimu mkuu akasoma majina, darasa baada ya darasa. Moelagi alikuwa ameinamisha kichwa. Orodha ikaisha.

Sulu akasimama. “Samahani, Mwalimu. Umeruka jina. Moelagi, mwanangu.”

“Sijaruka, dada Sulu.”

“Mtoto ana vyeti vya kila muhula! Leo mnamficha kwa sababu mama yake anasafisha wazee?” Akatoa fremu. “Hiki si chenu? Sahihi hii si yako?”

Mwalimu mkuu alikipokea, akakisoma polepole. Sauti yake haikupanda. “Sahihi ni yangu. Lakini hapa naitwa Vaelupe, na tarehe ni ya Aprili. Mimi Aprili nilikuwa Vaelupe?”

“Malaika walimtawaza mapema!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Sulu akabaki amesimama na mashada yake saba. Mkeka wa sherehe ile aliutuma mwenyewe. Alijua tarehe kuliko wengi. Akamgeukia binti yake. Moelagi hakuinua uso, na hapo mama akajua yote.

Usiku nyumbani Bibi Matalena ndiye aliyenena. “Jina la mtu mkubwa limebebeshwa uongo, na wewe Sulu ukamwita mwongo mbele ya watu. Hilo halifutwi kwa samahani ya mdomo.” Akashusha mkeka mwororo wa mwisho uliokuwa darini.

Alfajiri Sulu akaenda kuketi mbele ya nyumba ya mwalimu mkuu, akajifunika mkeka kichwa mpaka miguu, kama desturi inavyotaka kwa mwenye kosa. Mkosewa akipenda ataufunua, na huo ndio msamaha. Asipopenda, utakaa hapo. Moelagi alisimama kando kwa muda, kisha akainua ukingo, akaingia, akaketi karibu na mama yake.

Mle ndani palikuwa na giza na joto. Ilikuwa miaka mitano hawajakaribiana hivyo.

“Kwa nini?” Sulu akanong'ona.

“Bila cheti ulikuwa hupigi simu.”

Jua likaanza kuchoma. “Wale wazee ninaowaogesha,” Sulu akasema, “huniambia habari za wajukuu zao, kisha wananiuliza, na wako je? Mimi nilikuwa sina la kusema. Sikujua unapenda nini, unacheka na nani. Cheti kilinipa la kusema.”

“Sicheki na mtu, Mama.”

Mama akaushika mkono wake, na wote wawili wakalia bila sauti, maana nje watu walikuwa wakipita.

Jua lilipofika juu ya paa mkeka ukafunuliwa. “Inukeni mkanywe chai,” alisema Vaelupe Iosefo. Kisha akamtazama msichana. “Mwakani nataka kuona hesabu zako, si nakshi zako.”

Wiki ilikwisha, Sulu akarudi kazini, kwa kuwa kazi ndiyo inayowalisha. Kijijini bado wapo wanaomtania Moelagi, na nyumba yao bado ina watu wawili tu. Lakini Jumatano moja mama alipiga simu bila sababu yoyote. Hawakuwa na mazoea ya maongezi, hivyo kwa muda walisikilizana wakipumua tu. Hakuna aliyekata.

FUNZO

Enyi wazazi mlio mbali, na nyinyi mlio karibu lakini hamsikii: mtoto akijua kwamba anapendwa siku ya ushindi tu, ataununua ushindi kwa bei yoyote, hata kwa uongo. Muulizeni habari zake kabla ya kuuliza zawadi zake. Nanyi watoto, karatasi nzuri haimpi mtu heshima ambayo hakuitafuta. Inamwongezea tu kitu cha kuficha, na mwenye cha kuficha huishi peke yake hata akiwa kati ya watu.