Fundi wa Humu Ndani

Basi lilipata pancha kabla ya Geita, ndiyo maana Nelly alifika Buseresere jua likizama badala ya saa nane mchana aliyoahidi. Alifikiria kulala gesti na kwenda kwa mteja kesho yake. Lakini mteja alishapiga simu mara tatu, na nyumba yenyewe haikuwa mbali na stendi. Bodaboda ilimfikisha kabla hajamaliza kujifuta vumbi usoni.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kupima vyumba, kuwauliza wenye nyumba wanavyoishi, kisha kurudi Shinyanga kuchora. Nelly alikuwa na miaka kumi na moja katika shughuli ya kuzipanga nyumba za watu kwa ndani, na siku zote alitanguliza maswali kabla ya tepu ya kupimia. Nani anaamka wa kwanza? Mnakula mezani au mkekani? Nyumba ni kama nguo, alikuwa akiwaambia wateja. Usipomjua mvaaji utamshonea jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja, asante kwa kuja. Pole na safari."

Mzee Makoye alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu wa miaka sitini na kitu, mpole, shati jeupe, rozari mkononi. Mkewe Asteria alikuwa mdogo kwake sana. Ndiye aliyemzungusha Nelly nyumba nzima, akitembea mbele bila kugeuka.

"Mnaishi wangapi humu, mama?"

"Wawili tu. Mimi na mzee. Watoto Mungu hakutujalia."

Nelly akaandika kwenye daftari: wawili.

Wakafika kwenye ukumbi wa nyuma, karibu na stoo. Asteria akaweka kiganja ukutani, usawa wa kiuno chake.

"Hapa nataka marumaru. Kuanzia chini mpaka hapa."

"Kuna bomba la maji litakuja hapa?"

"Hapana. Rangi inachafuka tu. Tulipaka Pasaka, tazama ilivyo."

Nelly akachuchumaa, akamulika kwa simu. Kulikuwa na doa la mviringo, la mafuta, ukubwa wa kisosi. Pembeni yake lingine. Na lingine. Yalikuwa saba, yamepangana usawa mmoja, yameachana hatua moja moja.

Madoa hayo aliyajua. Huachwa na vichwa vya watu wanaokaa sakafuni wakiegemea ukuta. Lakini si kwa siku moja, wala mbili. Ni watu wanaokaa palepale, kila mmoja mahali pake, miezi na miezi.

Akatazama daftari lake. Wawili.

"Mnapata wageni wengi, mama?"

"Wageni hawakosekani," Asteria akajibu, tayari akisogea. "Hapa niwekee sinki refu, la chini. Na taa zisiwe kali. Mwanga unawaumiza macho."

"Unawaumiza kina nani?"

Asteria akapiga hatua nyingine mbele.

"Unatuumiza. Mimi na mzee."

Kulikuwa na harufu pale ukumbini. Harufu ya pumba za mahindi, nzito, kama mashineni. Magunia manne yalikuwa yameegeshwa kwenye kona, moja limefunguliwa na kopo ndani yake. Nelly alikuwa amepita uani wakati anaingia. Hakuona kuku. Hakuona ng'ombe, wala mbuzi, wala hata banda bovu.

Asteria akafungua mlango wa stoo. "Huku hakuna kazi. Huku kumeshawekwa marumaru. Nakuonyesha tu ili uchague zinazofanana."

Nelly akaingia. Akashika mdomo.

Mtu mwingine angeona sakafu nzuri, basi. Yeye alimwona Donatus.

Donatus alikuwa fundi wake kwa miaka tisa. Kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko. Mafundi wengine wakifika kwenye kona hukata kipande chembamba cha kuzibia. Donatus alikata viwili vya mshazari, akaviunganisha kama kola ya shati. Na alipojaza simenti nyeupe kwenye mianya, aliisawazisha kwa kidole cha shahada ambacho ncha yake ililiwa na grainda, kwa hiyo kikaacha mistari miwili badala ya mmoja.

Kona zote nne zilikuwa na kola ya shati. Mistari ilikuwa miwili.

Donatus alikufa mwezi wa pili. Nelly mwenyewe ndiye aliyempa kazi yake ya mwisho, huku huku mkoani Geita. Mteja alipiga kwa namba asiyoijua, naye alikuwa amebanwa, akamwambia nenda peke yako. Wiki ya pili zikaja habari kwamba amelala hakuamka. Jeneza lililetwa kwao Kolandoto limepigiliwa misumari, wakaambiwa lisifunguliwe, joto limeharibu. Nelly alimwaga udongo kwa mkono wake.

"Marumaru hizi..." akagusa mstari kwa kidole. "Ziliwekwa lini, mama?"

"Mwezi uliopita."

"Na fundi gani?"

"Fundi wa humu ndani," Asteria akasema, akaelekea jikoni kupakua chakula.

Nelly akabaki peke yake. Angeweza kuondoka saa ileile, lakini aondoke aseme nini? Labda kuna kijana Donatus alimfundisha. Labda. Akajikaza. Akanasa ncha ya tepu kwenye fremu ya mlango wa stoo, akaanza kurudi kinyumenyume kuupima ukumbi. Sebuleni alimsikia mzee akisali rozari kwa sauti ya chini.

Umeme ukakatika.

Giza la saa moja jioni, la ghafla. Ncha ya tepu ikachomoka kwenye fremu. Aliusikia mlio wake ikianguka sakafuni. Akabonyeza ili ijirudishe.

Haikurudi.

Ilikaza. Ikanyanyuka kutoka sakafuni, polepole, mpaka ikawa usawa wa mkono wake. Mtu alikuwa ameshika upande wa pili.

Ikavutwa mara mbili. Tak... tak.

Miaka tisa Donatus alimshikia tepu, na miaka tisa aliivuta hivyo hivyo, mara mbili, kumwambia: nimeshika, soma.

"Nani?" akanong'ona.

Akatega sikio. Kisha pumzi. Si ya mtu mmoja. Zilikuwa nyingi, chini, kando ya ukuta.

"Dada Nelly..."

Sauti ilitoka puani, kama ya mtu aliyezibwa pua kwa pamba.

"Dada Nelly... chumvi..."

Mwanga wa tochi ukatokea jikoni. Tepu ikaachiwa, ikarudi kwa kasi na kumchana kidole. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Asteria aliuliza.

"Nasoma vipimo, mama. Huwa nasoma kwa sauti."

Asteria akakitazama kile kidole kinachovuja damu. Akatabasamu. "Karibu chakula."

Mezani kulikuwa na ugali na sato wa kukaanga, taa ya kuchaji katikati. Nelly akameza tonge moja. Samaki hakuwa na ladha kabisa. Akajisikia akisema, kabla hajaupima mdomo wake:

"Naomba chumvi kidogo."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya sahani. Asteria hakunyanyua macho.

"Humu ndani hatuli chumvi," alisema. "Mzee ana presha."

Na kweli, pale mezani kulikuwa na vidonge vya presha. Nelly aliviona kwa macho yake. Huenda mambo yalikuwa hivyo tu. Lakini tonge la pili halikupita. Akasingizia tumbo, akashukuru, akachukua begi lake. Mzee Makoye alimsindikiza mpaka getini, mpole vilevile.

"Fundi mzuri ni adimu siku hizi, mwanangu," alisema akifungua geti. "Ukimpata, usimwachie."

Kesho yake mchana Nelly hakwenda nyumbani. Alipitiliza Kolandoto, kwa Zipora, mjane wa Donatus, aliyekuwa akiishi kwa mama yake na mtoto wake wa kike, Lusia, mwenye miaka sita. Alimkuta uani anabangua karanga. Akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza, akitazama chini.

Zipora hakulia. Karanga ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Amekonda?" akauliza.

"Sikumwona. Nilisikia sauti tu."

"Alikuitaje?"

"Dada Nelly."

"Basi ni yeye. Wengine wote wanakuita madamu." Akapangusa mikono. "Lile jeneza lilikuwa jepesi, dada. Wanaume walilibeba huku wanaongea. Nilijua siku ileile. Nikanyamaza, ningesema nini?"

"Tusikurupuke. Twende kwa mchungaji kwanza, halafu polisi. Tutakwenda pamoja."

"Sawa, dada. Pamoja."

Alhamisi mama yake Zipora alipiga simu. Zipora ameondoka alfajiri na mfuko wa nguo. Na pakiti mbili za chumvi.

Nelly alikwenda polisi yeye na mchungaji. Neno msukule hakulitamka, wala kwamba chumvi humrudishia akili mtu aliyezikwa kumbe amefichwa kichawi atumikishwe; angechekwa. Alisema kuna mtu anazuiliwa kwenye nyumba. Askari walikwenda kwa Mzee Makoye, wakakaribishwa, wakafunguliwa kila mlango. Stoo ilikuwa tupu na safi. Jikoni walimkuta Zipora anapika. Akawaambia mwenyewe kwamba ameajiriwa, yuko kwa hiari yake, na akatia saini. Mtu mzima akisema hivyo, polisi afanye nini?

Jioni ile Asteria akapiga.

"Fundi, tunakushukuru kwa yule mama uliyetuletea."

"Sikumleta mimi."

"Umemleta," Asteria akasema kwa upole, akakata.

Nelly alimpigia Zipora kila siku. Simu iliita bila kupokelewa. Kazi zake mjini zilimshinda. Akikaa na mteja na kumuuliza mnaishi wangapi, jibu lolote alilopewa hakuliamini. Alijilaumu mara mbili: kwa Donatus, na sasa kwa mkewe. Mchungaji alimwambia aombe. Aliomba.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya ibada, bibi yake Lusia alipiga akihema.

"Zipora amekuja. Anamtaka mtoto."

Nelly alichukua bajaji, akamwambia dereva akimbize. Alipofika, nje ya ua kulikuwa na gari jeupe lenye vioo vyeusi, injini inanguruma. Ndani ya ua Lusia alikuwa ameshaogeshwa na kuvishwa gauni la sikukuu. Zipora alisimama kando yake. Hakuwa amekonda. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, nywele zimesukwa vizuri. Lakini alinuka pumba.

"Dada Nelly," alisema. "Hujambo."

"Zipora, ulimpa?"

"Nini?"

"Ile chumvi."

Zipora aliinamisha kichwa kama mtu anayelitafuta neno alilowahi kulijua. Alitafuta muda mrefu. Bibi akaanza kulia kimyakimya.

"Baba yake anamuulizia," Zipora akasema mwishowe. "Kila siku anamuulizia. Nimekuja kumchukua."

"Mtoto haendi."

"Ni wangu."

"Ni wako. Kaa naye hapa, kwa mama yako. Kaa mpaka kesho tu, nikupikie mimi mwenyewe."

Nelly akambeba Lusia, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Alisubiri avutwe, apigwe, apigiwe kelele. Alikuwa tayari. Majirani walianza kuchungulia juu ya ua.

Zipora hakuvuta. Aliwatazama majirani, mmoja baada ya mwingine, bila hasira.

"Sawa," alisema. "Nitamwambia."

Akatoka. Nelly akamfuata mpaka kwenye lango la ua akimwita kwa jina lake, mara tatu, mara nne, mtoto mikononi. Zipora akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi kando ya dereva, akafunga. Hakugeuka.

Gari likaanza kuondoka taratibu kwenye vumbi.

Lusia akainua mkono, akapunga. Hakupungia mbele alikokaa mama yake. Alipungia kioo cha nyuma, kile cheusi, huku akicheka kwa furaha, kama mtoto anayechekeshwa na mtu anayemfahamu sana.

Nelly akaushika ule mkono, akaushusha.

Mtoto akainua wa pili.