Kipande cha Kwanza

"Wee kaka, kitenge unanunua au unakifua?"

Ndivyo Nyanjige alivyomkaribisha Ansbert, nesi mgeni kutoka Bukoba, alipokimwagia soda kitenge cha njano mezani pake, katikati ya soko la Bariadi. Ansbert, shati jeupe limenyooshwa pasi, akajitetea kwa salamu ya Kisukuma aliyofundishwa kazini: "Mwangaluka!"

"Hiyo ya asubuhi, baba. Sasa hivi jua linatuchoma!"

Nyanjige alicheka mpaka akashika meza. Haikupita muda, wakawa wanaitana mpenzi.

Nyanjige aliuza vitenge kupitia status ya WhatsApp, na nusu ya mji ilikuwa ikimtazama. Chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipokaribia, akamrekodi nesi wake. Ansbert alianza hivi: "Akina mama, mnaambiwa chanjo hii inaua kizazi." Kisha akaeleza taratibu kwa nini huo ni uongo. Status ikaigawa video vipande viwili. Watu na haraka zao wakadaka cha kwanza, wakakisambaza mpaka Bukundi, huko mbali: nesi mwenyewe kakiri!

Simu ikaita. Ni Ansbert.

"Wazazi wanaficha mabinti, Nyanjige. Wewe ulitaka watazamaji tu!"

"Mpenzi, haki ya Mungu sikuikata mimi!"

"Usinipigie tena."

Iliuma, jamani! Nyanjige alilia, akanawa uso, akasema kimoyomoyo kwamba alichokiharibu atakitengeneza mwenyewe.

Siku ya chanjo uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Nyanjige akaingia amevaa kitenge kile chenye doa, kamshika mkono Apolonia, binti yake wa pekee, simu iko mubashara.

"Wanawake wenzangu, niliwarushia nusu ya maneno. Leo sikilizeni yote. Nesi, rudia, halafu mchanje mwanangu."

"Watakusema, Nyanjige."

"Waseme! Nilikuuliza maswali yangu yote, ukanijibu. Ningekuwa na shaka ningemleta huyu?"

Ansbert akarudia mpaka mwisho. Apolonia akakunja uso, hakulia. Muda si mrefu akina mama wakaanza kuingia getini na mabinti zao, mmoja mmoja.

Ansbert akaisogelea simu. "Nyanjige, sitaki tena uwe mpenzi wangu."

Akina mama wakaguna. Nyanjige hakuizima simu.

"Malizia," akasema.

"Nataka uwe mke wangu. Mzee wako anataka mahari ya ng'ombe wangapi?"

Nyanjige akapiga kigelegele kabla hajamjibu.