Fungu la Mukama

Bwana Mkubwa wa kambi ya Wadachi huko Kayanga alionja divai nyekundu, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema.

"Tamu!" alifoka. "Nani kaichezea?"

Mpishi wake, Mzee Mgeni, alikuwa amechanganya divai mbili, moja kali na moja laini, akapata moja kavu isiyo na utamu hata chembe. Ndiyo iliyofaa nyama ya mbuzi ya kuchoma, na wageni kutoka Bukoba walikuwa njiani. Bwana Mkubwa akatoa kauli: aliyeichezea asipopatikana kabla ya karamu, Mgeni atakula viboko na kutiwa mnyororoni. Maskini mzee wa watu!

Upelelezi akapewa Shaushi Zubeiri wa polisi. Divai kwake ilikuwa haramu, lakini kunusa si kunywa. Akainusa. Ndizi mbivu! Akaichuja kwa kitambaa; kikabaki kipande cha nyasi na punje za mtama.

Rubisi, pombe ya ndizi na mtama. Harufu ile ilimrudisha utotoni Kafuro, kwenye duka la baba yake, mahali ambapo sasa pameota magugu. Enzi zile hakuna bidhaa iliyopita Karagwe kabla Mukama, mfalme wa nchi, hajapelekewa fungu lake. Zubeiri alizililia siku zile, ingawa hakumwambia mtu.

Walioingia ghalani ilimowekwa divai walikuwa watatu tu.

"Shaaban, wewe uliyeileta divai kutoka Bukoba. Unajua kupika rubisi?"

"Astaghfirullah, Shaushi!"

"Mzee Mgeni?"

"Mimi mtu wa Tanga, mwanangu. Ndizi nazijua za kukaanga."

"Bishanga, mlinzi?"

"Sijui, afande."

Mnyambo mzima, mwenyeji wa Karagwe, mvi kichwani, hajui rubisi! Zubeiri hakubisha. Akaagiza dumu la divai ile na nyama ya kuchoma viletwe mbele ya askari wake wawili.

"Bishanga, wagawie."

Bishanga akajaza kibuyu. Kabla hajamkabidhi askari, akapiga funda moja mwenyewe.



"Huku kwenu nani huonja kabla ya wageni?" Zubeiri aliuliza polepole.

"Aliyeipika, afande. Wajue haina sumu..."

"Divai ya Mdachi uliipika wewe?"

Bishanga akaweka kibuyu chini. "Rubisi iliyomo ni yangu. Nilikuwa mpika pombe wa Mukama. Tangu afe, vinywaji vya wageni vinapita nchi yake na hakuna anayemkumbuka. Nilimchotea kidogo naye aonje."

"Na rubisi uliitia ya nini?"

"Chombo hakirudi kitupu, afande. Mimi si mwizi."

Wakaenda naye nyumbani kwake Ihanda. Nyuma ya migomba yake palikuwa na kibanda kidogo cha nyasi cha kumkumbuka marehemu. Ndani, kibuyu kilichojaa divai, hakijaguswa. Kando yake, juu ya jani la mgomba, kipande cha nyama ya mbuzi kilichokauka.

"Nilimsikia Mgeni akisema haifai bila nyama ya kuchoma," Bishanga alinong'ona. "Divai hii utairudisha kambini?"

Zubeiri alimkumbuka baba yake akiwa na jora la kitambaa begani, akimpelekea Mukama fungu lake.

"Nitarudi na ukweli, Mgeni asalimike. Divai ni haramu kwangu, siibebi."

Akakiinua kibuyu, akaimimina yote taratibu mlangoni pa kibanda. Ardhi ikainywa.

Bishanga akanyoosha mikono afungwe.

"Tangulia," Zubeiri alisema, kamba ya kumfungia ikiwa bado kiunoni mwake.