Paja la Kulungu

Zama hizo, kabla misafara ya pwani haijazijua njia za milima yetu, watu wa Nkwama walimwagilia migomba yao kwa mfereji mmoja ulioshuka kutoka ukingo wa Kidunda. Mwaka ule Mashombe, mfumwa aliyetawala bonde la pili, aliukalia ukingo huo na wapiganaji themanini, akauziba mfereji. Migomba ikaanza kunyauka. Vijana wa Nkwama wakanoa mikuki, ingawa kwa mteremko ule wangekwisha kabla ya kufika nusu, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa wao.

Senkondo, mwindaji wa makamo mwenye goti bovu, akaomba apewe siku moja.

Alipanda asubuhi na podo la mishale mgongoni. Korongoni alimkuta kulungu dume amesimama ubavu wazi, shabaha ya kuchekesha. Hakupiga. Alirusha jiwe, mnyama akakimbilia juu, naye akamfuata akishika mizizi na kulilaani goti lake, mpaka kileleni. Hapo ndipo alipoachia mshale. Kulungu akaanguka mbele ya kambi ya Mashombe, kama alivyotaka.

Mikuki ilimzunguka. Senkondo akaweka upinde chini, akachomoa kisu. Desturi ilikuwa moja milimani kote: paja la upande uliolalia ardhi ni la mwenye ardhi. Akalikata, akamkabidhi Mashombe kwa mikono miwili.

Mashombe alicheka mpaka shanga za kifuani zikatikisika. Nkwama wenyewe wamekiri kwamba ukingo ni wake! Akaamuru paja lichomwe, akalila mbele ya watu wake wote. Senkondo alingoja hadi alipofuta mdomo.

"Umeshiba, Mfumwa?"

"Nimeshiba. Kawaambie wenzako nyama yao ni tamu."

"Nitawaambia. Sasa mimi ni mgeni wako. Aliyekula paja humpa mwindaji maji mpaka afike kwake, nami kwangu ni kule chini, kwenye migomba."

Wazee wa Mashombe wakainamisha vichwa. Desturi waliijua yote. Nusu ya pili waliisahau kwa utamu wa nyama. Mashombe hakuwa mjinga. Alitazama mfupa mkononi, kisha akasema taratibu, "Mfereji ufunguliwe. Ila siku utakapoingia kwako, mwindaji, nitauziba."

"Nimekubali, Mfumwa."

Senkondo alishuka kando ya maji, yakamtangulia. Mkewe Namkunda alikuwa mlangoni. Senkondo akasimama nje ya ua, akaanza kukata fito za kibanda, akamweleza yote. Namkunda alilia, akamwita kichwa kigumu, kisha akaenda kumletea chakula. Akamletea kila siku kwa miaka kumi na miwili.

Ukingo ule ulibaki na jina la Mashombe. Na Senkondo alipofariki, watu wa Nkwama, ambao mashamba yao yalikuwa kijani, walimzika palepale kando ya mfereji, hatua kumi kutoka mlangoni pake, ili asifike.