Pumzi ya Sita

Watoto njiti walikuwa watano, lakini skrini ilionyesha sita wakipumua.

Levina aliufuata ule mstari wa mwisho kwa kidole. Ulipanda, ukashuka, polepole, kama wa mtu mzima aliyelala. Levina ndiye fundi pekee wa kompyuta wa hospitali ile ndogo ya Cheyo, na ndiye pia mama wa mtoto wa kitanda cha tatu, Shigela, aliyezaliwa siku kumi na moja nyuma akiwa hajafika hata kilo moja na nusu.

"Sista Julieth, kitanda cha sita umemuunganisha nani?"

"Cha sita kiko wapi, wewe?" nesi akacheka. "Umepachika memori zako mwenyewe asubuhi, sasa unaniuliza mimi? Uzazi umekupanda kichwani, mama Shigela."

Kweli alizipachika mwenyewe. Seva, kompyuta kuu inayoendesha skrini za wodi, ilikuwa imeelemewa, skrini zikawa zinaganda, na mara mbili Shigela aliacha kupumua huku skrini ikisema mzima. Memori mpya zingefika kutoka Dar baada ya wiki nzima. Bi Tufaha, mjane wa nyumba kongwe ya biashara iliyokuwa ikibomolewa mjini, akamwahidi zile za seva ya duka lao lililofungwa. "Ila ningoje nifike ndiyo uchomoe," alisema.

Levina hakungoja. Wabomoaji walimfungulia mlango, akachomoa vibao viwili vyembamba, akavifunga kwenye kanga, akakimbia. Hospitalini alizima seva, akagusa chuma kuondoa umeme wa mwilini, akavisukuma kwenye nafasi zake mpaka vishikizo vikalia ta, ta. Seva ikawaka na kuitambua memori yote bila kulalamika.

Adhuhuri chumba cha seva kikaanza kunuka udi. Nyuma ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya jasho kavu na ngozi mbichi. Feni ya seva haikuvuma tena. Ilivuta ndani, ikangoja, ikatoa nje. Na kila mstari wa sita ulipopanda juu zaidi, wa Shigela ulishuka chini zaidi, na Levina akakimbia kutoka seva hadi kitandani na kutoka kitandani hadi seva, akimsugua mtoto nyayo, akimwita jina, akiona midomo yake ikigeuka rangi ya zambarau, mpaka akampigia simu Bi Tufaha huku analia.

Bibi alifika kwa bajaji. Mlangoni alinusa tu, akashika ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulipiga hodi kabla ya kuchomoa?"

"Hodi kwenye mashine?"

"Sema taratibu, anasikia." Bi Tufaha alimvuta karibu. "Pepo huyu alikuja na misafara ya zamani, amempanda mpagazi mmoja aliyefia uani kwetu. Akabaki ukutani. Ukuta ulipopasuka akahamia kwenye mashine, akapenda lile joto. Mimi leo nilikwenda pale dukani kumuaga na kumwambia chumba chake kipya kiko Usinge, kwa ndugu zangu. Nikakuta umeshamchukua."

"Basi nitavichomoa sasa hivi, umpeleke!"

"Mgeni hatolewi ndani bila kuambiwa atalala wapi, binti yangu. Na huyu ameshaonja pumzi. Hataki tena ukuta, hata wa Usinge. Ukimtoa hivihivi ataingia palipo karibu, penye pumzi."

"Sista, leteni oksijeni!" mtu alipiga kelele wodini. "Kitanda cha tatu!"

Levina alirudi chumba cha seva. Akaizima. Skrini zote zikawa nyeusi, taa za seva zikafa, lakini feni iliendelea kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, bila umeme. Akafungua kifuniko. Akaweka vidole juu ya vishikizo, lakini hakuvibonyeza.

"Hodi," akanong'ona.

Feni ikangoja.

"Umwache mwanangu. Sina nyumba, nimepanga chumba kimoja. Nina kifua hiki tu." Machozi yalimdondokea mikononi. "Karibu kwangu."

"Levina, usiseme hilo!" Bi Tufaha alilia kutoka mlangoni.

Vibao vilitoka vyenyewe, baridi kama vimetoka kwenye friji. Feni ikasimama. Na wodini, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Shigela akalia kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

Julieth alimpachika mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa kanga. "Mwone! Amekuwa mwekundu kama pilipili. Umetutia wazimu, kijana."

Bi Tufaha hakucheka. Alikaa kwenye stuli, akamtazama Levina usoni bila kupepesa.

Mtoto alinyonya, akasinzia. Wodi ikatulia. Levina alitaka kumsikia mwanawe akipumua, kwa masikio yake mwenyewe, bila mashine yoyote. Akainamisha kichwa, akaibana pumzi yake.

Alimsikia. Pumzi ndogo, nyepesi, safi.

Kisha kifua chake yeye kikapanda, polepole, kikamwinua mtoto juu. Kikashuka. Kikapanda tena. Na Levina alikuwa bado ameibana pumzi.