Jibu la Oumi

Foleni ya posta ya Moroni ilifika hadi barabarani. Ilikuwa miaka ile mamluki walipokuwa wakiitwa washauri, na mji wenyewe bado mdogo, ukipiga chafya kila mtu anakuombea afya. Oumi, binti wa mji wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, vazi lake jekundu la shiromani limemkaa vizuri mabegani, alikuwa akiunganisha simu nyuma ya kaunta. Akamwona mwanamume mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, anasahihisha kwa kalamu tangazo la Kiingereza ukutani.

"Hilo ni la serikali, bwana."

"Basi serikali imekosea."

Alikuwa Rachadi, mwalimu wa Kiingereza aliyelelewa Unguja. Alilalamika kwamba watu siku hizi wanayatumia maneno ovyo hadi maana zinahama. Oumi alimcheka. Kesho yake akarudi, bila barua ya kutuma. Kwa miezi minane alimfundisha Oumi Kiingereza, naye Oumi akamfundisha kutaniwa.

Mama alipougua, Oumi akarudi Mutsamudu. Rachadi akamwandikia kuomba wafunge ndoa. Ili kumfurahisha, Oumi alijibu kwa neno moja la Kiingereza: "Eventually." Alidhani ni sawa na neno la Kifaransa alilolijua tangu shule, linalofanana nalo, lenye maana ya huenda. Alitaka aje ambembeleze.

Hakuja. Barua zake zilikuwa tulivu, kama za mume aliye safarini. Mwaka ukapita. Oumi akaona amedharauliwa, akaacha kujibu. Salimou, mfanyabiashara wa Ouani, alipopeleka posa, Oumi akampigia Rachadi simu shuleni.

"Nimeletewa posa."

"Vipi, nawe uliniahidi?"

"Nilikwambia huenda."

"Uliniambia mwishowe, Oumi. Neno lile maana yake ni mwishowe."

Oumi akaelewa, na hasira zikampanda zaidi. "Mwaka mzima, mwalimu, hukuniuliza mimi nilimaanisha nini?"

"Niliuliza kamusi," Rachadi akasema polepole. "Nilipaswa kukuuliza wewe."

Ijumaa ile Rachadi akashuka uwanja wa ndege wa Ouani pamoja na mjomba wake. Mbele ya mama na shangazi za Oumi, aliposa kwa lugha ya kisiwa chao, akiichanganya na ya Moroni, akikosea kila baada ya neno. Shangazi wakaficha vicheko ndani ya shiromani. Hakujitetea.

Mama akamgeukia binti yake, akamuuliza anasemaje.

"Nasema ndiyo, mama," Oumi akajibu. "Na leo nimemaanisha."